Baiskeli ya Gia Moja Milimani: Kwenda Kazini na Kurudi, Kati ya Soni, Lushoto na Magamba

Tanga mjini baiskeli haina mjadala. Kuanzia Ngamiani, ambako barabara zinaitwa kwa namba, hadi Raskazone kwenye upepo wa bahari, ardhi ni tambarare, na mtu mzima na kanzu yake anakwenda sokoni, msikitini na ofisini kwa baiskeli ileile. Gia moja inamtosha.

Ukipangiwa kazi Lushoto, juu kwenye Milima ya Usambara, baiskeli hiyohiyo inapakiwa kwenye basi hadi Mombo, na hapo ndipo hesabu inapobadilika. Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kama kilomita 33 za lami nyembamba yenye kona, na mwinuko wake ni karibu mita 1,000. Unaanza kwenye joto la mikonge, unamaliza kwenye baridi ya kabichi na peasi. Watu watakushauri uiuze uchukue pikipiki, au utafute baiskeli ya gia nyingi.

Mimi nasema baki nayo. Baiskeli ya gia nyingi hupanda vizuri zaidi, hilo sibishi. Lakini kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni kikipinda, fundi wa kijijini hana cha kubadilishia, na utaisubiri spea itoke mjini huku unakwenda kazini kwa miguu. Baiskeli ya gia moja inatengenezwa popote penye nyundo, spana na kopo la gololi. Kinachotakiwa ni ipite kwa fundi kwanza, na wewe ujue pesa yako uielekeze wapi. Wengi wanauogopa mlima. Mlima hauui mtu: ukichoka unashuka, unasukuma. Mpanda ngazi hushuka, na ni huko kwenye kushuka ambako baiskeli isiyoandaliwa inamtupa mtu kwenye mtaro. Kwa hiyo usishangae kuona breki zimepewa nafasi kubwa hapa kuliko kitu kingine chochote.

1. Ipime njia kabla hujaigusa baiskeli

Ipite njia yako kwa miguu mara moja, au kaa siti ya mbele kwenye Hiace na uangalie kwa makini. Unatafuta mambo matatu: mwinuko gani utakushusha usukume, kona gani imekaa mwishoni mwa mteremko, na wapi pana kibanda au mti wa kujibanza mvua ikishuka ghafla.

Halafu jiulize jambo ambalo wengi hawajiulizi: unapanda asubuhi au jioni? Anayeishi Soni na kufanya kazi Lushoto, kilomita kama 15, kwa jumla anapanda asubuhi na kushuka jioni. Anafika na jasho, na anarudi wakati amechoka na giza limeshaingia bondeni, maana huku jua hujificha nyuma ya mlima mapema kuliko saa inavyosema. Anayeishi Magamba ni kinyume chake. Anateremka alfajiri kwenye ukungu na lami yenye umande, vidole vimekufa ganzi, kisha jioni anapanda kwenda nyumbani kwake, na akiloa jasho hakuna wa kumuuliza. Huyu wa kwanza anunue taa kabla ya kitu kingine. Wa pili aanze na glavu na mipira mipya ya breki. Njia ni moja, lakini mahitaji hayafanani hata kidogo.

2. Hesabu meno

Geuza baiskeli kichwa chini, tandiko chini magurudumu juu, uhesabu meno ya gia ya mbele, kisha ya friwili, yaani gia ya nyuma. Weka alama ya chaki kwenye jino la kwanza, la sivyo utazunguka mara mbili bila kujua. Baiskeli nyingi kubwa za magurudumu ya inchi 28 utazikuta na meno 44 hadi 48 mbele, na 18 au 20 nyuma.

Gawa ya mbele kwa ya nyuma. Ukiwa na 48 kwa 18 unapata kama 2.7. Maana yake pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili na zaidi ya nusu, na gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.2. Kwa hiyo kila mzunguko wa mguu unakupeleka karibu mita 6. Kwa mtu wa Tanga mjini ni raha tupu. Kwa mtu wa Soni ni magoti kuuma kabla hajazeeka.

Milimani tafuta hesabu inayokaribia 2. Meno 44 mbele na 22 nyuma yanakupa 2 kamili, na kila mzunguko unakwenda mita 4 na nusu hivi. Ukizungusha pedeli mara 60 kwa dakika, mwendo ni kama kilomita 16 kwa saa; yule wa 48 kwa 18, kwa mizunguko hiyohiyo, angekuwa kwenye 21. Umepoteza kasi kwenye tambarare, na tambarare huku unaihesabu kwa vidole.

Badilisha friwili ya nyuma, achana na gia ya mbele. Ya mbele imeshikana na krenki, ule mkono wa pedeli, na kotapini, pini inayoubana, bei yake ni kubwa na kuivua ni kazi. Friwili za meno 16, 18, 20 na 22 ni za kawaida, ingawa hiyo ya 22 huenda ukalazimika kumwagiza mtu anayeshuka Tanga au Korogwe.

Kuna kishawishi cha kuchagua friwili kwa kuangalia mlima mbaya kuliko yote. Usifanye hivyo. Mlima mbaya kuliko yote utausukuma tu. Chagua kwa mlima unaokutana nao kila siku, ule wa wastani: ukiweza kuupanda ukiwa umekaa kwenye tandiko, na ukafika juu ukiwa bado unaweza kujibu salamu, meno yako yamekaa sawa.

3. Kufunga friwili na cheni

Kazi hii mwachie fundi, ila simama pembeni uangalie, kwa sababu kuna mahali anaweza kuruka.

Friwili ya zamani inakuwa imejikaza yenyewe. Kila ulipokanyaga pedeli miaka yote hiyo ulikuwa unaikaza zaidi. Fundi mwenye kifunguo chake ataibana na kuizungusha kinyume na saa. Asiye nacho atashika tindo na nyundo: anaweka ncha kwenye kitundu cha uso wa friwili, anagonga kwa pembe, tena na tena, mpaka usikie mlio umebadilika kutoka mkali kuwa mzito. Hapo imeachia. Kabla ya kufunga mpya, lazima apake grisi kwenye nyuzi za haba, kile kitovu cha gurudumu. Asipopaka, safari ijayo itabidi wavunje.

Sasa cheni. Ukitoka meno 18 kwenda 22, cheni ileile inakuwa fupi, na fundi mwenye haraka atasogeza gurudumu mbele kama nusu inchi ili mambo yaishe. Kwa baiskeli ya breki za waya anaweza akapona. Kwa zile za breki za vyuma, ambazo mipira yake inavutwa juu kugusa rimu upande unaotazama spoki, gurudumu likisogea mbele mipira ya nyuma haikutani tena na rimu pale inapotakiwa. Umepata gia ya kupandia, umepoteza breki ya kushukia. Mwambie aongeze kipande cha inchi moja cha cheni na gurudumu libaki mahali pake.

Na kama cheni ni kuukuu, usiifunge kwenye friwili mpya. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima kutoka pini hadi pini: vipande 24 vinatakiwa viwe inchi 12 kamili. Vikizidi kwa moja ya nane ya inchi, cheni imelegea na itaruka meno. Kuruka huko hakutokei kwenye tambarare. Kunatokea pale umesimama juu ya pedeli katikati ya mwinuko, na goti linakwenda moja kwa moja kwenye usukani.

Ikishafungwa, ibonyeze cheni katikati kwa kidole: icheze kama nusu inchi juu na chini, isikaze kama waya wa kuanikia nguo. Zungusha pedeli taratibu uangalie tena, maana gia ya mbele mara nyingi haiko katikati sawasawa, na cheni iliyolegea hapa inaweza kukaza pale. Ile klipu ya kuunganishia, upande wake uliofungwa utazame kule cheni inakokwenda.

4. Breki

Mita 100 za mwinuko ulizozihangaikia kwa jasho zinarudi zote wakati wa kushuka, na njia kuu ya kuzimaliza ni kuzigeuza joto kati ya mpira na rimu. Mtu wa kilo 70 na baiskeli ya kilo 20 ana uzito wa kutosha kabisa kuifanya rimu iwe ya moto isiyoshikika. Kwa hiyo swali la breki milimani lina sehemu mbili: zinashika, na zinaendelea kushika?

Anza na mipira. Ikiwa imeng'aa kama kioo, ikwangue kwa msasa. Ikiwa imeisha hadi chuma kinachungulia, tupa. Usikubali vipande vya tairi la gari vilivyochongwa kwa kisu eti ni sawa na mipira ya dukani. Nimeona watu wanavitumia, na kwenye njia ya sokoni vinaweza kukufaa. Kwenye mteremko wa kushuka Soni kuelekea Mombo, hapana.

Lazima uwe na breki mbili, ya mbele na ya nyuma, na zote zifanye kazi. Kuna imani kwamba breki ya mbele inapindua mtu, na wapo wanaoivua kabisa. Ukweli ni kwamba baiskeli inapopunguza mwendo, uzito mwingi unahamia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo linaloshika ardhi vizuri zaidi. Breki ya nyuma peke yake, kwenye mteremko mkali, inaburuza tairi tu. Kinachopindua mtu ni kuibana ya mbele kwa pupa, au kuibana kwenye kokoto na kona. Bana zote mbili, polepole, ukiongeza.

Zijaribu hivi kila asubuhi, inachukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Simama pembeni ya baiskeli, bana breki ya mbele, isukume mbele: gurudumu la nyuma linatakiwa linyanyuke. Bana ya nyuma, isukume: gurudumu linatakiwa liburuzike bila kuzunguka. Likizunguka, leo hushuki ukiwa umeipanda.

Wenye baiskeli za mitumba ambazo breki yake ni kurudisha pedeli nyuma, nina maneno mawili kwenu. La kwanza, breki hiyo inategemea cheni: cheni ikichomoka, breki imeondoka nayo. La pili, joto lote linaingia ndani ya haba, na kwenye mteremko mrefu grisi inaanza kuungua. Utaisikia harufu kabla hujahisi breki inalegea. Fungeni breki ya mkono mbele kabla ya kuileta baiskeli hiyo Lushoto. Hili halina mbadala.

Kisha maji. Rimu za chuma zinazong'aa, zile za baiskeli zetu kubwa, zikiloa breki inakataa. Unabana, hakuna kitu, unabana zaidi, gurudumu linazunguka mara kadhaa, kisha ghafla maji yanafutika na inashika yote kwa pamoja. Katika muda huo umeshasogea mita nyingi sana. Dawa yake ni kuzigusisha breki kidogo mapema, hata pale ambapo huhitaji kupunguza mwendo, ili mipira ifute maji. Fanya hivyo juu kabisa ya mteremko na urudie kila baada ya muda. Ukibahatika kupata rimu za aluminiamu, zinashika vizuri zaidi kwenye mvua, na hiyo ndiyo pesa ya pili ningeitumia baada ya friwili.

Kuhusu namna ya kushuka, sheria ninayoifuata ni nyepesi: mwendo uwe ule ambao naweza kusimama ndani ya umbali ninaouona. Kwenye kona za njia hii unaona mita chache tu, halafu mlima umeziba. Punguza kabla ya kona, wakati bado umenyooka, ukiingia kwenye kona achia taratibu. Anayebana katikati ya kona amechelewa. Keti nyuma kidogo kwenye tandiko, pedeli zikae usawa mmoja, mikono isikaze. Usibane breki mfululizo kutoka juu hadi chini. Bana ipasavyo, achia, rimu ipoe. Na kwenye mteremko mrefu simama mahali pana, uguse rimu kwa haraka na mgongo wa kidole. Ikikuunguza, pumzika uangalie bonde. Joto hilohilo linaweza kukiachisha kiraka cha tyubu ulichobandika juzi, na pancha ya mbele kwenye mteremko haina simulizi nzuri.

5. Tandiko na mkao

Hapa ni haraka. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukikanyaga kwa upande wa vidole, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Watu wengi wanashusha tandiko ili miguu yote ifike chini wakisimama, kisha wanalalamika magoti. Pandisha. Kusimama unaweza kuinamisha baiskeli.

6. Kupanda

Gia moja inakupa mwendo mmoja wa kupandia: si wa haraka, na hauruhusu uwe wa taratibu sana, kwa sababu ukipungua mno baiskeli inasimama na wewe juu yake. Kwa hiyo mlima unaanza kuupanda kabla haujaanza. Kusanya mwendo kwenye bonde, ingia nao, kaa kwenye tandiko kadiri mwendo unavyoruhusu. Unapoona miguu imeanza kusita juu ya kila mzunguko, nyanyuka, simama kwenye pedeli, uache uzito wa mwili ufanye kazi ya misuli. Vuta usukani upande wa mguu unaokanyaga. Baiskeli itayumba kulia na kushoto chini yako, iache.

Kwenye udongo au kokoto, ukisimama gurudumu la nyuma linateleza kwa kukosa uzito. Huko inama mbele ukiwa umekaa, unyonge taratibu.

Kupanda kwa kukata pembe, kutoka ukingo hadi ukingo, kunapunguza ukali wa mwinuko, na kwenye njia za mashambani za kuelekea Irente au Migambo hakuna ubaya. Kwenye lami ya Mombo ni kujitakia ajali. Malori ya mboga yanashuka yamejaa, na dereva akitokea kwenye kona hana muda wa kukuuliza unakwenda upande gani.

Shuka kabla hujasimama. Ukisubiri baiskeli ikwame ndipo ushuke, utashuka kwa ubavu. Kusukuma si aibu, na wanaokucheka mara nyingi wamepanda bodaboda. Mtu anayesukuma anakwenda kilomita 4 kwa saa, anayepanda kwa shida anakwenda 7 au 8; kwenye kilima cha nusu kilomita tofauti ni dakika tatu au nne hivi, na yule aliyesukuma anafika juu ana pumzi ya kuendelea. Sukuma mkono mmoja kwenye usukani, mmoja kwenye tandiko, ukiwa pembeni kabisa kushoto mwa barabara.

Kuondoka tena katikati ya mlima kuna ufundi wake. Elekeza baiskeli kwa pembe kidogo, si kuukabili mlima moja kwa moja, baada ya kuhakikisha hakuna gari. Bana breki isirudi nyuma. Pedeli moja iwe juu na mbele kidogo, kanyaga kwa nguvu huku unaachia breki, kaa, kanyaga ya pili. Ikikataa mara mbili, mlima umekwambia uendelee kusukuma.

7. Mzigo na nguo

Funga mzigo chini kwenye keria, karibu na tandiko, kwa mipira ya tyubu iliyochanwa vipande virefu. Mzigo uliosogea nyuma ya ekseli unanyanyua gurudumu la mbele kwenye mwinuko, usukani unakuwa mwepesi na baiskeli inakwenda inakotaka. Begi la mgongoni ni jepesi kulibeba lakini linakuloweshea shati, afadhali keria. Kumbuka pia kwamba jioni ukinunua ndoo ya plamu ama kabichi tatu za kupeleka nyumbani, unashuka na uzito zaidi kwa breki zilezile. Anza kupunguza mwendo mapema zaidi.

Nguo za kazini zipakie zimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, ubadilishe ukifika. Ukifika usivae mara moja: kaa kidogo jasho likauke, jifute kwa khanga yenye maji, ndipo uvae. Kwa akina mama na dada wanaovaa dira au baibui, fremu isiyo na bomba la juu inarahisisha kushuka haraka kwenye mwinuko, lakini kinachookoa zaidi ni kava la cheni na wavu pembeni ya gurudumu la nyuma. Nguo ikinaswa kwenye spoki wakati wa kushuka, breki haina la kufanya.

8. Mvua, ukungu, baridi

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na katikati yake, Juni hadi Agosti, ni baridi ambayo mtu wa pwani haamini ipo ndani ya mkoa wake mwenyewe. Vidole vilivyokufa ganzi havibani breki. Vaa glavu, hata za sufu za mitumba. Kifuani tia gazeti au mfuko wa nailoni chini ya koti wakati wa kushuka. Ukianza kupanda utoe.

Udongo mwekundu wa njia za vijijini ukiloa unajaza madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Siku hizo chukua lami hata kama ni mbali zaidi. Kwenye ukungu, taa ya mbele iwake hata kama kumekucha, na nyuma uwe na kiakisi chekundu kisafi. Vazi jeupe au njano linasaidia kuliko unavyofikiri.

Na kuna siku za kuacha. Mvua ya radi, au maji yanakatiza barabara: baiskeli inabaki kwa mwenyeji, unapanda gari.

9. Matunzo ya kila wiki

Futa cheni kwa kitambaa kikavu kabla ya kuitia mafuta, sio baada. Mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka kwenye injini ya pikipiki yana vumbi la chuma ndani yake, yanasaga cheni. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi. Oili safi kidogo, tone kwenye kila pini, kisha futa ya ziada.

Nati za gurudumu la nyuma zikaze kila wiki. Kukanyaga kwa nguvu kwenye mwinuko kunavuta ekseli mbele upande wa cheni, gurudumu linakaa upande na tairi linaanza kusugua fremu upande wa kushoto. Vile vyuma vidogo vya kuvutia ekseli nyuma, ambavyo wengi wanavitupa, ndivyo vinavyozuia hali hiyo. Kama vyako vilitupwa, tafuta vingine.

Ukisikia mlio wa "tak" kila pedeli inapopita mahali fulani, kagua kotapini. Inagongwa kwa nyundo kwanza ikaingia, ndipo nati inakazwa. Kuivuta kwa kukaza nati peke yake kunaharibu nyuzi. Na ukifungua pedeli, kumbuka ya kushoto inafunguka kinyume na ya kulia.

Safarini beba pampu, viraka na solusheni, spana inayoingia nati zako, na tyubu moja ya akiba. Kipande cha cheni chenye klipu yake kinakaa kwenye kibati cha viraka na hakina uzito.

10. Wenzako barabarani

Kaa kushoto, lakini usijifiche kwenye ukingo uliobomoka. Acha nafasi ya kukwepa bila kuingia kwenye mtaro. Ukisikia gari zito nyuma yako kwenye kona nyembamba, toka barabarani lipite. Kabla ya kona piga kengele, kwa sababu mbele yake huenda kuna mbuzi, au wazee wawili wamesimama katikati wanaamkiana. Huku watu hawapitani kimya. Punguza mwendo, toa shikamoo au "onga mshi", salamu ya Kisambaa, pita. Watoto wa shule watakimbia wadandie keria kwenye mwinuko. Waambie mapema, kwa upole, kwamba leo mzigo umejaa.

11. Wiki ya kwanza

Usianze Jumatatu. Anza Jumamosi, saa zilezile utakazokuwa unapita siku za kazi, baiskeli ikiwa na mzigo uleule. Nenda hadi mlangoni mwa kazini, angalia saa, pumzika, urudi. Jumapili mrudishie fundi kile kilicholegea, maana kitu kitalegea. Friwili mpya na cheni mpya huhitaji kukazwa tena baada ya safari ya kwanza. Jumatatu ondoka nusu saa kabla ya muda ulioupima, na ukifika, pitisha mnyororo wa kufuli kwenye fremu na gurudumu la nyuma kwa pamoja.